Nobu ya Tatu na Kikohozi cha Baba

Jumatatu, 8 Septemba 2025

Nimepata eafoni mpya, zile zisizo na waya, za kijisanduku cheupe. Ni siri. Nimemwonyesha Mama, Bi Jenabai mwenye baraza ninapouzia vocha, na wateja wanne tu.

Leo nimeanza mpango. Naandika yote humu, ili siku nikishinda pawe na ushahidi.

Hali ilivyo: Maulidi ya madrasa yetu ni Alhamisi ya wiki ijayo, baada ya Laasiri. Mitambo ya sauti ni ile ile aliyoiacha marehemu baba yangu, Mzee Pandu. Miaka thelathini alikaa kwenye meza ya miksa, Wete nzima inamjua. Alipofariki, mwaka wa sita huu, kiti kikaenda kwa Hudhaifa, mtoto wa ami yangu. Eti Hudhaifa ndiye aliyekuwa akibeba waya na baba wakati mimi niko Unguja nasomea hoteli. Sawa. Lakini nani alikuwa akikaa pajani kwa baba na umri wa miaka saba, mkono kwenye miksa? Mimi. Miksa ile ina nobu sita za kuzungusha, na baba akinipa nobu ya tatu. Akiniambia hii ndiyo inayozishika zote. Nazungusha, nazungusha, yeye anasikiliza, kisha ananiambia hapo hapo. Maulidi mazima yaliendeshwa na mimi, kaptura imechanika nyuma, na watu hawajui.

Mtoto wa nyoka ni nyoka. Hudhaifa ni mtoto wa ndugu yake nyoka.

Kwa hiyo baada ya Adhuhuri nimemfuata Ustadh Nyange, mwalimu mkuu wa madrasa. Nikamwambia sauti ya mwaka jana ilikuwa ya kuku ndani ya debe. Akasema yeye aliipenda. Nikamwambia hiyo ndiyo hatari yenyewe, watu wamezoea. Akaenda birikani kutia udhu, nikamfuata. Akaosha mikono, nikaendelea. Alipofika miguuni akasema basi, Jecha, Jumamosi kuna mazoezi ya kasida, njoo ukae wewe kwenye miksa. Yakitoka vizuri, Alhamisi kiti chako. Yakiharibika, asinisikie tena mpaka Ramadhani.

Nimekubali papo hapo. Njia ninayo. Eafoni zangu zina programu yake kwenye simu, na ndani ya programu mna ikwalaiza: vijiti vitano vya kupandisha na kushusha, sauti nene kushoto, sauti nyembamba kulia. Na miksa ya baba nayo, juu ya zile nobu sita, ina vijiti vitano. Nitatafuta namba bora kwenye eafoni, kisha nitazihamishia kwenye miksa. Namba ni namba. Hudhaifa hana eafoni.


Jumanne, 9 Septemba

Kazi imeanza. Nasikilizia kitu kimoja tu: kanda ya Maulidi aliyoyaendesha baba nikiwa na miaka tisa, niliyoihamishia kwenye simu. Redio iliyorekodi ilikuwa mezani kwake, ndiyo maana baba mwenyewe anasikika. Dakika ya kumi na nne anakohoa mara mbili, kisha anasema hapo hapo. Ananiambia mimi. Ndiyo sauti yake pekee niliyobaki nayo.

Shabaha yangu basi ni hii: kikohozi kikisikika wazi kama baba yuko chumbani, namba zimepatikana.

Leo kilisikika, lakini si chumbani. Labda ukumbini. Nikasukuma eafoni ndani zaidi. Zikaingia. Mpaka Magharibi masikio yanawasha na la kulia linauma. Mama akasema sikio limechubuka, akapasha mafuta ya nazi yenye kitunguu thomu, akanitia matone matatu kila upande. Dawa ya bibi yake, haijawahi kushindwa. Akaniambia nilale na pamba.

Mtu mwenye siku nne halali na pamba. Nilirudisha eafoni hapo hapo, mafuta yangali moto.


Jumatano, 10 Septemba

Jambo la ajabu. Leo sauti imefifia. Kikohozi kimetoka ukumbini kimekwenda uani.

Nimelifikiria sana hili nikiwa kwenye meza yangu ya vocha, barazani kwa Bi Jenabai. Jawabu ni moja. Masikio yangu yamepanda daraja. Jana yalikuwa masikio ya mtu wa kawaida, leo yanazisikia kasoro za kiwandani. Nimepandisha sauti nyembamba kwa tatu. Afadhali. Nikapandisha kwa tano.

Hudhaifa alipita kununua vocha. Akaona simu, akaona vijiti. Akaniuliza kwa ule upole wake unaoudhi: ndugu yangu, kwa nini vyote umevipandisha? Akasema yeye huanza na vyote sifuri, anasikiliza kwanza, halafu kile kinachomkera anakishusha kidogo. Kupandisha ni mwisho kabisa. Na tena kila mtambo una tabia yake, namba za huku hazifai kule.

Nimemshukuru. Alipoondoka nikacheka. Mtu anayekwenda kunyang'anywa kiti anakuja kukufundisha kushusha? Mimi si mtoto. Nimepandisha kwa saba.

Usiku masikio tena. Mama akanitia matone manne.


Alhamisi, 11 Septemba

Sikio la kushoto sasa linasikia nusu ya la kulia. Nimegundua sababu: vipira. Eafoni huja na vipira vya saizi tatu, navyo visipoziba vizuri besi yote inavuja. Hili nimelisoma mahali, na ni kweli. Nikavua vya kati, nikavaa vile vikubwa kabisa. Viliingia kwa shida na mafuta kidogo.

Vimeziba. Wallahi vimeziba. Nikatembea kutoka nyumbani mpaka dukani sisikii pikipiki wala mtu. Kanda tu, kwa mbali. Nikasema huu ndio utulivu wa mafundi.

Adhuhuri naona Bi Jenabai amesimama mbele yangu anatikisa midomo. Bi Jenabai ni bibi wa Kihindi, wa Kibohora, ana duka la vitambaa na vifungo tangu enzi za mumewe, na hapendi kurudia maneno. Nikatoa eafoni moja. Akaniuliza kama nimekuwa waziri. Wateja watatu wamekuja, wamenisemesha, wamekwenda zao. Na imamu amepita akanitolea salamu mara mbili.

Sikumjibu. Imamu. Mara mbili. Kwetu Pemba mtu humsamehe aliyemwibia kuku kabla hajamsamehe asiyemjibu salamu.

Nilipofika nyumbani habari ilikuwa imeshafika, tena imenenepa. Mama ameambiwa na watu watatu kwamba mwanawe Jecha siku hizi hajibu salamu, ametia kiburi, na mmoja akaongeza kwamba nilimgeuzia imamu mgongo. Mama akasema amenilea vizuri, hajui nimeharibikia wapi. Akasema sikio la kufa halisikii dawa. Halafu akanitia dawa.


Ijumaa, 12 Septemba

Asubuhi nimetoa salamu kwa kila kiumbe. Nimemsalimu mzee mmoja kwa sauti kubwa mpaka akaangusha mkate. Nimemwomba radhi imamu mbele ya watu baada ya sala. Akanisamehe. Akaniuliza mbona napiga kelele. Sikujua kwamba napiga kelele.

Lakini leo ni siku kubwa. Saa kumi na nusu, besi juu nane, vya kati juu sita, sita na tisa, sauti nyembamba juu kabisa mpaka kijiti kinagota: nimekisikia kikohozi. Mara mbili! Chembamba, kimekauka, lakini ni chake. Ile hapo hapo yake sikuisikia, nadhani ipo.

Namba zimepatikana. Nikaziandika kiganjani kwa kalamu, maana karatasi inaweza kuibwa na Hudhaifa. Magharibi ikaingia, nikatia udhu, namba zote zikaenda na maji. Nilibaki naangalia kiganja msikitini, swala nzima nawaza ilikuwa nane au sita. Mungu anisamehe.

Nimezipata tena baada ya saa nzima ya kusukuma vijiti. Safari hii sikucheza. Mama yangu ni mpakaji wa hina na piko, ile rangi nyeusi ya maua ya mikononi, maharusi wote wa mtaa huu hupita mikononi mwake. Nikamwambia nipake namba tano hapa, ndani ya mkono, kwa piko. Akaniangalia. Akasema mwanamme wa mwisho kumpaka alikuwa bwana harusi, na yule alifumba macho kwa haya. Nikamwambia hii ni sayansi. Akaniuliza kwa nini nauhangaikia sana huo mtambo. Nikamwambia ni kiti cha baba. Akakoroga piko, akaandika pole pole, na kwenye nane akanizungushia ua dogo, mkono umemzoea.

Jumla: 8, 6, 6, 9, 12. Hazitoki wiki mbili.


Jumamosi, 13 Septemba

Sitaki kuandika.

Naandika.

Nimefika madrasa mapema, kanzu imepigwa pasi. Watoto wa kasida wamepanga safu, maikrofoni tano mbele, honi mbili za kutolea sauti juu ya paa. Ustadh Nyange kwenye kiti na kikombe chake cha chai ya tangawizi. Hudhaifa amekaa nyuma, mikono mapajani. Nikakaa kwenye kiti cha baba. Nikaigusa nobu ya tatu kwanza, kwa baraka. Kisha nikakunja mkono wa kanzu, nikasoma piko, nikapanga vijiti: nane, sita, sita, tisa, kumi na mbili. Masikioni nina eafoni zangu, na vipira vikubwa. Fundi wa kweli haachi vifaa vyake nyumbani.

Nikatoa ishara. Mtoto wa kwanza akasema Bismillahi.

Kwangu mimi ilitoka laini kabisa. Nzuri. Nikafumba macho.

Nilipofumbua, watoto wote wameziba masikio. Ustadh amesimama, chai yote iko kwenye kanzu yake. Nikadhani wameguswa na uzuri. Nikaongeza kidogo. Hapo ndipo mkono wa Hudhaifa ukapita mbele yangu ukazima.

Nimeambiwa baadaye, na watu wengi, wala sikuwauliza. Ile herufi sini ya Bismillahi ilitoka kwenye honi kama mtu anakaanga samaki ndani ya ubongo wako. Kisha ukaja mlio. Watu wa mitaa mitatu walitoka nje wakatazama juu. Ng'ombe wa Ustadh alikata kamba, mara ya mwisho ameonekana njia ya Kiuyu anakwenda mbio. Bibi mmoja alitamka shahada akaomba apelekwe kwa wanawe.

Hudhaifa akavirudisha vijiti vyote sifuri. Akamwambia mtoto asome tena. Akasikiliza, akashusha kimoja kidogo tu, kiasi cha ukucha. Akaondoka mezani, akatembea mpaka kwenye ukuta wa nyuma, akarudi. Basi. Kasida ikatoka inasikika kila neno.

Ustadh Nyange hakunigombeza, na hilo ndilo lililoniuma. Aliniambia Alhamisi kuna mikeka ya kutandika na kukunja, wanahitaji mtu mwenye nguvu.


Jumapili, 14 Septemba

Hudhaifa ameniharibia. Hilo halina shaka, kilichobaki ni kujua vipi. Ameingia usiku akabadilisha waya. Au amempa mtoto wa kwanza maji ya barafu. Nimeandika orodha ya mbinu tisa.

Nilikuwa kwenye ya saba pale Bi Jenabai alipotoka nje na miwani yake ya kushonea. Akasema amechoka kuniona nimevimba barazani kwake, nafukuza wateja wa vifungo. Akaitaka hiyo eafoni aione. Akaigeuza kwenye mwanga, akainusa, akaniuliza nakaanga nini humu.

Akatwaa sindano. Pale eafoni inapotolea sauti pana kijineti kidogo mno, na kijineti hicho kilikuwa hakionekani. Akakwangua. Kikatoka kidonge cha manjano, mafuta ya nazi yaliyoganda pamoja na nta ya masikio, na ndani yake kipande cha kitunguu thomu cha kutosha mchuzi. Ya kushoto ndiyo iliyozidi. Akapitisha pamba yenye tone la spiriti, akafuta vipira, akanirudishia. Akasema mwanangu, ungeanza hapa Jumatano.

Nikavaa, nikafungua kanda. Nilisahau vijiti. Nilipiga ukelele ambao Bi Jenabai anasema haujasikika barazani pale tangu mumewe aumwe na nge. Nikavishusha vyote mpaka sifuri.

Dakika ya kumi na nne. Akakohoa. Mara mbili, pale pale sikioni, nikageuka nyuma. Kisha akasema hapo hapo, na kumbe kuna kitu kingine sikuwahi kukisikia miaka yote: anacheka. Kidogo, puani.

Nimelia barazani, mchana, mbele ya watu wa vocha. Bi Jenabai akafunga mlango nusu ili watu wadhani duka limefungwa. Akasema Mzee Pandu alikuwa mtu mwema, akaninunulia kashata.

Kwa hiyo ukweli umejulikana. Kosa halikuwa langu. Lilikuwa la kitunguu.


Jumanne, 16 Septemba

Nimekwenda kwa Hudhaifa. Si kuomba radhi. Kumpa nafasi ya kunirudishia kiti kwa hiari yake.

Nilimkuta uani anasafisha plagi kwa mswaki wa zamani. Nikamweleza yote: mafuta, vipira, kijineti. Nikamwambia sasa masikio yangu ni safi na urithi wangu ni ule ule, maana nobu ya tatu nimeishika mimi tangu mtoto, na yeye anajua ndiyo inayozishika zote.

Hudhaifa akaweka mswaki chini. Akasema ndugu yangu, nilidhani unajua.

Akanieleza kwamba nobu ya tatu ni mbovu. Iliungua kabla mimi sijazaliwa, siku umeme ulipopiga. Haina waya nyuma, na tangu siku hiyo haijawahi kuwa nao. Baba alimwambia mwenyewe, mwaka wa kwanza walipoanza kufanya kazi pamoja: hii usiichomekee kitu, hii ni ya Jecha.

Nilimwambia wewe mwongo. Nikaondoka bila kuaga, na chai alikuwa ameshamimina.

Nikamuuliza Mama. Alikuwa anachagua mchele. Akasema kweli, haikufanya kazi. Akasema baba yako alikuwa akikaa pale kwa muda wa saa nne, saa tano, watu wote wanaona sherehe mbele, yeye peke yake na waya zake. Ukikaa na wewe ulikuwa hutulii, unakimbilia nje kucheza. Siku alipokupa ile nobu, ukatulia. Akarudi nyumbani akaniambia Mwatum, leo nimepata mwenzangu.

Sikula. Nimelala chali naangalia dari. Miaka yote hii. Kaptura imechanika, mkono kwenye kitu kisicho na kitu. Na yule mzee anacheka puani.

Basi. Nimeapa. Siitaki miksa, siitaki ikwalaiza, siugusi mtambo mpaka kufa kwangu. Nitauza vocha na nitajibu salamu. Mtu lazima ajue alipo.


Alhamisi, 18 Septemba

Nimetandika mikeka. Vizuri, pembe kwa pembe, hata Ustadh Nyange aliona. Ng'ombe wake amerudi, amekonda kidogo. Ndani ya mkono namba za piko bado zipo na ua lake, na watoto wa kasida wananiita bibi harusi. Nimewaacha.

Laasiri ikapita, watu wakajaa, wanawake upande wao, udi ukaanza kuzunguka. Mimi nimekaa mwisho kabisa, karibu na viatu. Nilikuwa sitazami mezani. Nilikuwa nasikiliza tu, na ilikuwa safi, siwezi kusema uongo siku ya Mtume. Kulikuwa na mvumo mdogo tu chini, unaokuja na kwenda.

Katikati Hudhaifa akanitazama. Akaniita kwa kichwa. Nikajifanya sioni. Akaita tena. Nikaenda, kwa heshima ya shughuli.

Akasogea kwenye benchi. Akanionyesha nobu ya tatu kwa kidevu. Akaniambia kwa sauti ya chini, shika hiyo, mwenzangu.

Nilijua. Nimeambiwa na watu wawili. Lakini mkono ulikwenda wenyewe. Nobu ile ina ufa kwa juu, kidole changu kikaingia mle mle. Nikazungusha robo kuelekea kulia. Hudhaifa akainama kidogo anasikiliza, mkono wake mwingine uko upande wa pili huko sijui unafanya nini.

Mvumo ukakatika.

Akasema hapo hapo.

Sikuutoa tena mkono mpaka dua ya mwisho. Kasida ya watoto, kisimamo cha kumswalia Mtume, yote. Watu wazima walilia. Ustadh Nyange akapita mezani akasema masha Allah, leo sauti imekaa kama enzi za Mzee Pandu. Akatutazama wote wawili. Wote wawili!

Baada ya watu kutawanyika nikaenda nyuma ya miksa na tochi ya simu. Nikaangalia sana. Kweli, nobu ya tatu haina waya hata mmoja.

Nimekunja mikeka yote peke yangu wala sikuchoka.


Ijumaa, 19 Septemba

Sikulala, nimefikiri. Nimefika mwisho wa jambo.

Hudhaifa anaendesha nobu tano, zote zina waya. Hiyo kazi mtu yeyote ataijua akifundishwa. Baba alikuwa na nobu tano za waya na moja isiyo na waya. Ile isiyo na waya hakumpa Hudhaifa. Miaka yote walifanya kazi pamoja, hakumpa. Alinipa mimi, na umri wa miaka saba. Na jana nimeizungusha robo, mvumo umekatika mbele ya watu mia tatu. Ushahidi upo.

Eafoni zangu hazina waya. Nobu yangu haina waya. Sijui kwa nini sikuliona hili mapema.

Nimemwandikia Ustadh Nyange barua ya kurasa mbili kuhusu Maulidi ya mwakani. Nimependekeza nobu zote sita zitolewe waya.

Masikio yanawasha tena, nadhani ni furaha. Mama amenitia matone matano, nikavaa eafoni nimsikilize baba kidogo kabla ya kulala. Kikohozi kimekwenda tena uani. Masikio yamepanda daraja jingine. Nimepandisha sauti nyembamba kwa tatu.

Hapo hapo.